Usiishonee giaboksi lumbesa



Leo siandiki habari ya kantangaze wala mbolea ya kukuzia. Naandika habari ya giaboksi. Najua wapo watakaouliza bwana shamba ameingiaje gereji. Nimeingia kwa sababu kabichi iliyolala barabarani siku mbili haina tofauti na kabichi iliyoliwa na wadudu shambani. Zote ni hasara, na anayeibeba ni mkulima.

Jumamosi iliyopita, sokoni Tengeru, kijana mmoja alinivuta pembeni. Ananunua viazi na karoti kwa wakulima wa vijiji vya juu na kuvishusha sokoni.

"Shikamoo, bwana shamba. Nina swali, ila si la shamba."

"Marahaba. Sema tu."

Gari lake ni Hilux Surf ya zamani, otomatiki, yenye injini ya dizeli ya 2L-TE, lita 2.4. Imechoka, inatoa moshi, na mlimani inakata pumzi. Fundi amempatia injini ya 1KZ-TE, lita 3, na ameahidi kuongeza presha ya turbo juu yake ili gari lisiogope mlima wowote. Hela ni milioni 4 za mkopo wa VICOBA, na aliyemdhamini ni mama yake mzazi. Swali lake: je, giaboksi ile ile ya otomatiki itahimili? Fundi alikuwa ameshamjibu: "Hiyo ni A340, ndiyo iliyofungwa kwenye Supra. Haifi hiyo."

Jibu la namna hiyo nimelisikia mara nyingi mno, na nimeona magari yaliyokufa kwa ajili yake. Kwa hiyo nalijibu hapa hadharani. Giaboksi inaweza kuhimili injini yenye nguvu zaidi kidogo. Haitahimili mzigo utakaouongeza baada ya kuipata hiyo injini.

Kwanza nimtendee haki fundi. Hakudanganya. Ni kweli Toyota walifunga giaboksi ya jamii ya A340 kwenye Supra ya turbo ya mwaka 1993, injini yenye nguvu za farasi 280 kwa hesabu ya Japani. Ni kweli pia kwamba mwaka huo huo wa 1993 Toyota wenyewe walianza kuweka 1KZ-TE kwenye Surf, na giaboksi za jamii hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akisema giaboksi hii ni imara, mimi simpingi.

Ila angalia alichokiacha. Jina moja si chuma kimoja. Ndani ya giaboksi kuna sahani za klachi, na idadi yake hutofautiana gari kwa gari. Konveta nayo hupangwa kulingana na injini. Toyota walipofunga 1KZ-TE kwenye Surf ya 185 na Prado ya 95, walitumia toleo lililoimarishwa, A343F. Land Cruiser ya 80 ya dizeli yenye turbo walipoitengenezea otomatiki, waliipa giaboksi nyingine kubwa zaidi, A442F. Kama A340 yoyote ingetosha kila kazi, wangehangaika nini? Wenye kiwanda waliongeza chuma kila walipoongeza nguvu na uzito. Sisi tunaongeza nguvu na uzito, chuma tunakiacha kile kile.

Tena Supra inatumia nguvu zake vipi? Sekunde chache, kwenye lami, mtu mmoja ndani. Wewe unapanda dakika 20 au 30 kwa gia ya kwanza na ya pili, kwenye matope ya masika, gari linakwenda polepole kiasi kwamba hata upepo hauingii kwenye rejeta. Giaboksi ya otomatiki haiuawi na namba ya farasi peke yake. Inauawa na joto, na joto linataka muda.

Nieleze kwa lugha ya jikoni. Otomatiki haina klachi ya mguu. Kati ya injini na gia kuna konveta, mfano wa chungu kilichofunikwa, kimejaa oili. Injini inaisukuma oili, na oili inazisukuma gia. Gari likiwa na mzigo mlimani, oili inakorogwa kwa nguvu lakini gia hazipokei zote. Ile inayopotea inageuka moto. Oili hiyo hiyo ndiyo inayobana sahani za klachi kwa presha yake. Ikichemka sana inaharibika, mipira ya ndani inakakamaa, presha inashuka, sahani zinateleza, kisha zinaungua. Utasikia injini inalia lakini gari haliendi. Hapo umeshachelewa.

Ipo kanuni ya kukadiria wanayoitumia mafundi wa giaboksi: oili ikizidi joto la nyuzi 80 hivi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinaukata umri wake nusu. Fanya hesabu mwenyewe. Oili ambayo ingedumu miaka 4 kwa nyuzi 80, kwa nyuzi 110 itadumu miezi 6.

Sasa niwaambie neno ambalo hamtalipenda. Kila msimu mnanijia mkilalamikia lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia, analijaza hadi mdomoni, halafu analishonea kilemba juu na kulipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka kifurushi cha mazao kisizidi kilo 100. Mnasema ni wizi, na mna haki kabisa.

Lakini gari lenu mnalifanyia nini? Gari la abiria la Japani hupigiwa hesabu ya kilo 55 kwa kila mtu. Surf ya watu 5 inafanya kilo 275. Noah ya watu 8 inafanya kilo 440. Hiyo ni pamoja na dereva. Magunia matatu ya viazi ya kilo 100 yameshaipita hesabu ya Surf kabla dereva hajafungua mlango. Na ninyi hamuweki matatu. Mnaweka sita, mnaweka saba, na utingo anakaa juu. Hiyo ni lumbesa, na aliyeishona ni wewe.

Ndiyo maana sikubaliani na wazo zima la kuongeza nguvu. Gari linalokata pumzi chini ya mzigo linakuambia mzigo umezidi, au injini inataka matengenezo. Ukiifungia injini kubwa, umelizima lile onyo. Jana lilikuwa linagoma kwenye magunia sita, kesho litakubali tisa. Breki ni zile zile. Springi ni zile zile. Giaboksi ni ile ile.

Tena hebu tazameni mlima wetu. Viazi vinalimwa juu, soko liko chini. Mazao ya Meru yanashuka, hayapandi. Kinachopanda ni gari tupu, au mifuko michache ya mbolea na saruji. Kwa hiyo safari yenye mzigo mkubwa ni ya kushuka, na kwenye kushuka farasi za injini hazikusaidii chochote. Kinachokufikisha salama ni breki nzima na gia ndogo. Kijana anataka kutumia milioni 4 za mama yake kununua nguvu kwa ajili ya safari ambayo gari linakwenda tupu!

Najua wapo watakaonijibu: "Bwana shamba, sisi tuko juu, hewa ni nyepesi, magari yanakosa nguvu, ni lazima tuyasaidie." Hoja hii ina ukweli, na siikwepi. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo, kama ile 3S ya petroli ya lita 2 kwenye Noah za zamani, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Hapa kwetu imeshapoteza kama sehemu moja ya saba. Giaboksi yake ilitengenezwa kuhimili nguvu kamili za kule pwani, kwa hiyo ina akiba ambayo injini haiitumii. Mwenye Noah akiitengeneza injini yake irudie nguvu zake za kiwandani, giaboksi haitalalamika.

Ila hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo inayotakiwa kupoza rejeta, na inapoza kidogo kuliko ya pwani. Mlima umekupa akiba kwa mkono mmoja, umeipunguza kwa mwingine. Na hiyo Surf ya dizeli tayari ina turbo, kwa hiyo hoja ya hewa nyepesi haina uzito mkubwa kwake.

Basi ufanye nini na hela yako? Fuata mpangilio huu.

1. Pima oili ya giaboksi. Gari liwe limepata moto, lisimame tambarare, injini ikiwaka. Kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu, rudisha P, kisha chomoa kijiti na usome alama ya moto. Oili nzuri ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, usiongeze hata gunia moja. Tumia oili ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti au kitabu cha gari, usikubali kuwekewa yoyote iliyopo dukani.

2. Safisha rejeta. Kwenye magari haya oili ya giaboksi inapozwa ndani ya rejeta. Ukijaza maji ya mfereji kila siku, kutu na chumvi vinaziba njia, na giaboksi inachemka hata kabla mshale wa injini haujapanda. Weka kipozaji cha dukani.

3. Ongeza kipoza oili cha nje, kile kama rejeta ndogo kinachokaa mbele. Kwa anayebeba mizigo, hiki kina faida kuliko turbo yoyote.

4. Mlimani, ukiwa na mzigo, zima O/D. Ukishuka, tumia 2 au L, usiiachie D na breki peke yake.

5. Kama injini imekufa kweli na ni lazima ubadilishe, nunua iliyokuja na giaboksi yake, konveta yake na kompyuta yake, na presha ya turbo iache kama ilivyotoka kiwandani. Hakikisha fundi anarekebisha ile kebo nyembamba inayoiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani. Ikilegea, presha inakuwa ndogo, na sahani zinaungua hata kwa injini dhaifu. Na namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo pitia TRA ibadilishwe, usije ukagombana na trafiki na bima.

6. Punguza lumbesa. Nenda safari mbili. Au mjikusanye wafanyabiashara wanne au watano mkodi Canter siku ya soko. Hiyo imetengenezwa kubeba mizigo, na giaboksi ikifa si ya kwenu.

Fundi wako si adui yako. Ila yeye analipwa siku anapofunga injini, na analipwa tena siku anapofungua giaboksi. Wewe hulipwi siku yoyote kati ya hizo mbili. Viazi vikilala njiani, mkulima aliyekukopesha mzigo naye halipwi, na msimu ujao hatakuamini. Wengi wenu mlianza biashara hii kwa kuaminiwa tu, bila mtaji mwingine.

Yule kijana alinisikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo, akasema, "Sasa fundi nimwambie nini?" Nikamwambia asimwambie fundi kwanza, amwambie mama. Yeye ndiye atakayefuatwa na kikundi giaboksi ikilala.

Jumamosi hii nitakuwa Tengeru tena, upande wa ndizi. Mwenye kijiti cha giaboksi chenye harufu asiyoielewa anione, tutanusa pamoja.

Kazi njema.