Tiketi ya Kuzunguka Dunia: Ina Faida kwa Nani?



Wapenzi wasomaji wa safu hii, kwa muda sasa nimekuwa nikiulizwa, hasa baada ya sala ya Ijumaa pale watu wanapokaa kidogo barazani, juu ya tiketi iitwayo ya kuzunguka dunia. Je, ni kweli kwamba mtu aweza kununua tiketi moja ya daraja la kawaida, akatoka Dar es Salaam akielekea mashariki, akawapitia watoto wake mmoja baada ya mwingine, kisha akarejea nyumbani akitokea magharibi, na yote hayo kwa gharama ndogo kuliko tiketi nne za kwenda na kurudi? Jibu fupi ni kwamba yawezekana, lakini si kwa kila familia. Na kwa wengi wetu kinachoamua kwanza si nauli, bali ni pasipoti.

Nitachukua mfano wa wazee wawili wa mtaa wetu, ambao wameniruhusu kueleza habari yao bila ya majina. Wana watoto wanne ughaibuni. Binti mkubwa ameolewa Muscat. Kijana mmoja anasoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa cha Malaysia, kule Gombak, jirani na Kuala Lumpur. Kijana wao wa kwanza yuko Toronto, na binti wa mwisho yuko London. Yule wa Toronto hajaonana na mama yake kwa miaka tisa kwa sababu ya karatasi zake za ukaazi, na katika miaka hiyo macho ya mama yamekuwa yakipungua nuru. Amesema waziwazi kwamba anataka kumwona mwanawe angali anaona. Watoto wamechanga fedha, na fedha hizo hazitachangwa mara ya pili. Waliponiletea suala hili walidhani kwamba kuna mahali fulani pa siri panapouzwa tiketi rahisi. Hapana siri. Kuna masharti, na mwenye kuyasoma ndiye anayeokoa fedha.

Mashirika mengi makubwa ya ndege yameungana katika shirikisho tatu: Star Alliance, oneworld na SkyTeam. Kwa upande wetu, Ethiopian Airlines, EgyptAir na Turkish Airlines zimo Star Alliance. Qatar Airways, Malaysia Airlines na, tangu mwaka 2025, Oman Air zimo oneworld. Kenya Airways na Saudia zimo SkyTeam. Emirates haimo katika shirikisho lolote kati ya hizo. Tiketi ya kuzunguka dunia ni bidhaa ya shirikisho, si ya shirika moja, na hapo ndipo nguvu yake ilipo: tiketi ni moja, ndege ni za mashirika mbalimbali, na muda wake waweza kufika miezi 12.

Namna ya kupanga bei hutofautiana. Star Alliance huhesabu maili. Kwa miaka mingi madaraja yake yamekuwa kuanzia maili 26,000 hadi 39,000. Msomaji akikumbuka kwamba mzingo wa dunia kwenye ikweta ni takriban maili 24,900, ataona kwamba daraja la chini linamtosha anayekwenda bila kuzungukazunguka, na kwamba kila anapopinda kaskazini na kusini ili kumjulia hali jamaa, anakula maili zake. Oneworld, katika tiketi yake iitwayo Explorer, huhesabu mabara na si maili, kuanzia matatu hadi sita, na huruhusu vipande vya safari visivyozidi 16. Katika hesabu hiyo Ulaya na Mashariki ya Kati ni bara moja. Jambo hili ni dogo kwa kulisikia lakini ni kubwa mfukoni, kwa kuwa Muscat na London, ambako jamaa zetu wengi wako, havihesabiwi mara mbili. Na wote wana sharti moja la asili: lazima uvuke Bahari ya Atlantiki na Bahari ya Pasifiki, kwa kufuata mwelekeo mmoja, na umalizie safari katika nchi ile ile uliyoanzia.

Sharti hilo la Pasifiki ndilo kipimo. Ikiwa jamaa zako wako Muscat, London na Toronto tu, usiiulizie tena tiketi hii. Utakuwa unalipia bahari nzima ambayo huna haja nayo, ilhali tiketi ya vituo vingi, ya kwenda kwa Ghuba na Ulaya hadi Kanada na kurudi, itakufikisha kote huko. Duara huanza kuwa na maana pale unapokuwa na mtu upande wa Asia ya mbali au Australia, na mwingine upande wa Amerika. Katika mfano wetu, kijana wa Gombak ndiye anayelifanya duara lifikiriwe.

Tulikaa na ramani. Qatar Airways huruka kutoka Dar es Salaam hadi Doha, na kutoka Doha hadi Muscat. Oman Air huunganisha Muscat na Kuala Lumpur. Kutoka Kuala Lumpur ni mwendo wa saa chache hadi Hong Kong, na Cathay Pacific huruka moja kwa moja kutoka Hong Kong hadi Toronto. British Airways huwatoa Toronto hadi London, na kutoka London watarudi kwa Doha hadi nyumbani. Kwa hesabu ya oneworld hayo ni mabara manne: Afrika, Ulaya pamoja na Mashariki ya Kati, Asia, na Amerika Kaskazini. Niliipenda njia hii kwa sababu moja zaidi, nayo ni kwamba haigusi ardhi ya Marekani.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami. Ushauri mwingi wa safari za namna hii umeandikwa kwa ajili ya watu wenye pasipoti za Uingereza, Marekani au Australia, ambao hupita karibu kila mpaka bila kuulizwa. Sisi tunaulizwa. Marekani haina utaratibu wa abiria kusubiri ndege nyingine bila kupita uhamiaji. Hata ukishuka Los Angeles kwa saa mbili tu ukielekea Toronto, unahitaji viza. Kanada nayo hutaka viza kwa Mtanzania na Mkenya, hata wa kupita. Uingereza vivyo hivyo huwataka raia wa nchi zetu wawe na kibali hata kwa kupita tu uwanjani, ila wale walioorodheshwa kuwa na msamaha. Kwa hiyo kanuni yangu kwa familia ni hii: viza ngumu zaidi iombwe kwanza, na fedha ya tiketi ikae mahali pake mpaka viza hiyo ibandikwe. Kwa maombi, mpangilio wa safari ulioandikwa vizuri na nafasi iliyoshikiliwa bila kulipiwa hutosha mara nyingi. Mwenye kununua kwanza tiketi isiyorejeshwa fedha, akitumaini kwamba itamlainisha ofisa wa ubalozi, anaweka rehani kitu asichokimiliki.

Tuje sasa kwenye unafuu wenyewe. Mosi, bei ya tiketi hii hutegemea nchi unayoanzia. Duara lile lile, kwa ndege zile zile, laweza kuwa na bei moja likianzia Dar es Salaam na nyingine likianzia Nairobi, Johannesburg au Cairo. Wasafiri wazoefu wa dunia huifuata bei hiyo hata kama iko mbali, na Cairo na Johannesburg zimetajwa miongoni mwao kwa miaka mingi. Kijana mwenye afya aweza kufanya hivyo. Lakini wazee wetu hawa wakipanda basi kwenda Nairobi ili kuokoa kiasi fulani, kisha wakalala hotelini, na basi likaharibika njiani wakaikosa ndege ya kwanza, tiketi yote iliyobaki yaweza kufutwa. Unapokosa kipande kimoja bila kutoa taarifa, mashirika huvifuta na vinavyofuata. Ulizia bei za nchi zote nne kwa siku moja, kisha toa gharama ya kufika huko, ndipo ulinganishe.

Pili, nauli si gharama yote. Juu yake huja kodi za viwanja na tozo za mafuta, na katika duara lenye vipande vingi hizo zaweza kushtua. Mfano ulio wazi ni Uingereza, ambako kila abiria anayeondoka hulipishwa ushuru maalumu. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, kwa daraja la kawaida na safari ya umbali kama wa kuja kwetu, ushuru huo ulikuwa pauni 90 kwa kichwa. Watoto walio chini ya miaka 16 katika daraja hilo husamehewa, na anayeunganisha ndege ya kimataifa ndani ya saa 24 halipi. Kuna wanaoukwepa kwa kuondokea Dublin, kwa kuwa Ireland ilifuta kodi yake ya safari za anga mwaka 2014. Hila nzuri hiyo kwa mwenye pasipoti ya Uingereza. Kwa wazee wa mfano wetu ingehitaji viza nyingine, na pauni 180 za watu wawili zingeishia kwenye karatasi na nauli ya kufika huko. Si kila rahisi ya mwenzio ni rahisi yako.

Tatu, tarehe. Mashirika hayafungui nafasi zaidi ya takriban miezi 11 mbele, nawe huenda ukataka kukaa Toronto hadi mjukuu azaliwe. Hilo lisikutishe. Tiketi za kuzunguka dunia kwa kawaida huruhusu kubadili tarehe bila malipo endapo kuna nafasi ya daraja lile lile la nauli. Kubadili njia ndiko kunakotozwa. Weka tarehe ya kubahatisha, kisha isogeze. Ila nafasi za nauli hii ni chache katika kila ndege, na Desemba pamoja na miezi ya likizo za Ulaya na Amerika hujaa mapema sana. Wazee wakitoka nyumbani baada ya Idd, wakamaliza Kanada kabla ya baridi, watapata nafasi na pia hawatahitaji kununua makoti mazito.

Anayevuka Pasifiki akielekea mashariki hukutana na jambo la ajabu kidogo: aweza kuondoka Hong Kong jioni na kufika Toronto jioni ya tarehe ile ile. Suala hili si geni kwa wanazuoni wetu. Abul-Fida, mwanajiografia na mtawala wa Hama aliyefariki mwaka 1331, aliandika kwamba watu wawili wakiizunguka dunia, mmoja kwa mashariki na mwingine kwa magharibi, kisha wakakutana na aliyebaki, watatofautiana katika hesabu ya siku. Hapakuwa na ndege wala tiketi, na bado hesabu ilikuwa sahihi. Namna ya kusali ndani ya safari ya saa 15 waulizwe masheikh kabla ya kuondoka. Chakula halali huombwa mapema, walau saa 24 kabla, kwa kila kipande peke yake, kwa maana ombi la ndege moja si lazima lifike kwa nyingine.

Ninarudi kwa kijana wa Gombak, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi ilipo. Badala ya wazee wawili kuivuka Pasifiki, mwanafunzi mmoja aweza kukatiwa tiketi ya Kuala Lumpur hadi Muscat na kurudi wakati wa likizo, wakaonana wote kwa dada yake. Wazee kisha wangeendelea London na Toronto kwa tiketi ya vituo vingi na kurudi njia hiyo hiyo. Niliziandika njia zote mbili kwenye karatasi moja, kodi zikiwamo, bima ya afya ya wazee ikiwamo, na usiku mmoja wa kupumzika Hong Kong ukiwamo. Mimi niliegemea njia ya Muscat, kwa kuwa safari ya saa 15 angani kwa mwenye miaka 70 si jambo la kuchezea. Baba ameegemea duara. Anasema hajapata kuona alipopanga mwanawe, na tiketi moja inamtuliza zaidi kuliko nyingi. Neno la mwisho limeachwa kwa mama, naye amesema viza ya Kanada itoke kwanza.

Ikitoka, na fedha ikafika kwa wakala, kuna jambo moja la kukagua hapo hapo dirishani kabla ya kuondoka. Herufi na tarakimu sita anazokupa wakala ni alama ya nafasi tu. Nafasi yaweza kufutwa kesho. Tiketi iliyolipiwa ina namba yenye tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika lililoitoa. Omba namba hiyo, nenda nayo au piga simu ofisi ya shirika lenyewe, wakusomee majina yako kama yalivyo katika pasipoti na kila kipande cha safari kimoja kimoja hadi cha kurudi Dar es Salaam.