Mafuta ya Mchaichai Si Chai

Wengi wetu tumeujua mchaichai tangu utotoni. Ni yale majani marefu kama nyasi, makali pembeni, yanayoota nyuma ya jikoni na kutiwa katika sufuria ya chai hadi nyumba nzima inukie limau. Kwa hivyo, msomaji mpenzi, si ajabu kwamba ukiona kichupa cha mafuta ya mchaichai dukani au kwa mchuuzi, huna wasiwasi nacho. Chai yake umeinywa miaka nenda miaka rudi, mafuta yatakudhuru vipi?

Yanaweza. Mafuta hayo hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani na kukusanya kile kinachopanda nao. Kilo 100 za majani mabichi huenda zisitoe hata nusu kilo ya mafuta. Harufu ile ya limau inatokana na kemikali iitwayo sitrali, ambayo kwa kawaida huwa zaidi ya nusu ya mafuta yote. Kikombe chako cha chai kina chembe tu ya kitu hicho.

Nianze na watoto, kwa sababu kichupa chenyewe ni kidogo na chanukia kama peremende. Mtoto akiyanywa, hofu kubwa ni mafuta kupenya mapafuni. Ni balaa ile ile ya mtoto aliyekunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, na makosa tunayoyafanya ni yale yale. Usimtapishe, kwani kumtapisha ni kuyapitisha mafuta kooni mara ya pili. Usimlazimishe kunywa maziwa vilevile. Mkimbize hospitalini hata kama anacheza tu, na ubebe kichupa ili daktari ajue anachopambana nacho. Akikohoa, akisinzia au akihema kwa shida, hakuna dakika ya kupoteza.

Mtu mzima naye asidondoshe tone katika chai eti anaokoa muda wa kuchemsha majani. Mafuta hayachanganyiki na maji; tone litaelea juu na kukuunguza mdomo. Majani yenyewe yauzwa kwa bei nafuu sokoni!

Kwa sababu hiyo hiyo, usiyamwage ndani ya karai la kuogea. Yataelea na kukushika mwilini yakiwa makali vilevile. Ukitaka kujipaka, yachanganye kwanza na mafuta ya nazi, ya ufuta au ya alizeti. Kipimo kinachopendekezwa kwa mchaichai hakizidi asilimia 0.7, yaani kama matone manne katika vijiko viwili vikubwa vya mafuta hayo mengine. Najua kuna watakaoona matone manne ni uchoyo. Lakini ngozi ikishachukizwa na sitrali, huenda isisahau, na baadaye hata sabuni yenye manukato hayo ikakuletea vipele. Jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono na usubiri siku nzima. Kukiwasha, futa kwa mafuta ya kupikia, kisha uoshe kwa sabuni na maji. Yakiingia machoni, suuza kwa maji safi mengi kwa robo saa, kisha umwone daktari. Watoto wachanga wasipakwe kabisa, na mama mjamzito au anayenyonyesha aulize kliniki kwanza.

Wengi huyanunua kwa ajili ya mbu. Ni kweli harufu yake huwasumbua mbu, lakini hupotea hewani upesi, pengine kabla hujapata usingizi. Ukienda likizo Kisumu au Kilifi, lala ndani ya chandarua chenye dawa. Mafuta yasikudanganye ukakiacha nyumbani.

Kunukisha sebule ndiyo kazi inayoyafaa zaidi. Matone mawili matatu kwenye bakuli la maji ya moto yatosha, dirisha likiwa wazi kidogo, bakuli likiwa mbali na mikono ya watoto. Nusu saa ni muda wa kutosha. Ikiwa kuna mgonjwa wa pumu nyumbani, heri uache kabisa. Yaweke mbali na jiko na mshumaa, kwani hushika moto. Na kama mnafuga paka, mwacheni atoke chumbani, wala msimpake eti mnafukuza viroboto: ini lake halina nguvu ya kuvunja kemikali za namna hii kama letu.

Kichupa kiwe cha rangi nzito, kifungwe vizuri na kufungiwa kabatini juu, pasipo jua wala joto. Andika tarehe uliyokifungua. Mafuta yakikaa sana yakiguswa na hewa huharibika na kuzidi kuwasha ngozi, kwa hivyo yakibadilika harufu usijipake tena.