Zamu ya Kuvunja



Jioni moja nilisimama kando ya meza ya pool katika kituo kidogo cha biashara hapa kwetu Uganda, nikiwatazama vijana wawili niliowahi kuwafundisha. Walikuwa wamekubaliana kwamba atakayetangulia kufikisha michezo 5 ndiye mshindi, na kwamba anayeshinda mchezo mmoja ndiye atakayevunja katika mchezo unaofuata. Sarafu ikarushwa, bahati ikamwangukia mmoja wao. Akavunja, akashinda. Akavunja tena, akashinda tena. Ilipotimia 5 kwa 0, mwenzake hakuwa amevunja hata mara moja. Watazamaji wakamkumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Naye akanigeukia, akasema: “Mwalimu, kushindwa nimekubali. Lakini kucheza, sikucheza.”

Kuvunja ni lile pigo la kwanza linaloitawanya mipira iliyopangwa. Anayevunja na kutumbukiza mpira huendelea kupiga, na akiwa hodari aweza kuimaliza meza nzima ilhali mpinzani wake ameketi. Mwaka 1996, mjini Dallas, Marekani, bingwa Earl Strickland alivunja na kuimaliza meza katika michezo 11 mfululizo. Watu wakashangilia, na kwa haki. Lakini nani alimtazama yule aliyekuwa kitini?

Kanuni za kuvunja ziko za namna tatu: mshindi huvunja, mshinde huvunja, au wachezaji huvunja kwa zamu. Wanaoitetea ya kwanza husema kwamba hodari astahili tunzo ya uhodari wake, na kwamba zamu humbeba mnyonge. Hoja hiyo inavutia, ila haisimami mbele ya hesabu.

Tuseme wachezaji wawili wana uwezo sawa, na kila mmoja anapovunja hushinda michezo 6 kati ya 10. Wanacheza hadi mmoja afikishe michezo 2. Kwa kanuni ya zamu, aliyeanza kuvunja ana nafasi ya asilimia 55.2 ya kushinda pambano. Kwa kanuni ya mshindi kuvunja, nafasi yake ni asilimia 55.2. Kwa kanuni ya mshinde kuvunja, ni asilimia 55.2 vilevile. Chukueni kalamu mhakikishe. Hata mkibadili uwezo wao, au mkirefusha pambano, kanuni hizo tatu zitatoa jibu moja.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika njia. Katika mfano huu, mshindi akiwa ndiye anayevunja, mchezaji wa pili ana nafasi ya asilimia 36 ya kushindwa bila kuvunja hata mara moja. Kwa zamu, jambo hilo haliwezekani kabisa. Kwa hiyo zamu haimnyang’anyi hodari hata punje ya ushindi wake. Humpa tu mwenzake fursa ya kuonyesha alichonacho. Tena hesabu hii hudhani kwamba mkono haupoi kwa kuketi. Aliyewahi kuketi akingoja anajua kwamba hupoa.

Jambo la pili tunalojifunza ni kwamba upendeleo wa kweli umejificha mwanzoni. Katika mfano wetu wachezaji ni sawa, lakini aliyetangulia kuvunja amemzidi mwenzake kwa jambo ambalo hakulifanyia kazi. Ndiyo maana katika mashindano makubwa wachezaji huamua mwanzo kwa ustadi: kila mmoja hupiga mpira wake hadi ukingo wa mbali, na yule ambaye mpira wake utarudi na kusimama karibu zaidi na ukingo wa huku ndiye mwenye kuchagua. Bahati haifutiki kabisa, lakini hupunguzwa. Pambano likirefushwa, hupungua zaidi.

Maoni yangu ni haya: tuvunje kwa zamu, na mwanzo uamuliwe kwa ustadi. Nasema hivyo nikifikiria mambo makubwa kuliko meza. Katika Kiswahili neno “haki” lina sura mbili: ni stahili ya mtu, na ni uadilifu wa jambo lenyewe. Hukumu yaweza kuwa sahihi, lakini ikiwa mshtakiwa hakusikilizwa, tunasema hakutendewa haki. Ndivyo ilivyo katika baraza la kijiji, darasani, na hata baina ya mataifa: uenyekiti wa Mkutano wa Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hushikwa kwa zamu, pasipo kuuliza nchi ipi ni kubwa au tajiri kuliko nyingine.

Yule kijana hakuomba ushindi. Aliomba fimbo. Mtu aliyepewa zamu yake akashindwa hurudi nyumbani na kufanya mazoezi. Aliyenyimwa zamu hurudi na kinyongo. Jamii yenye vinyongo vingi haiketi kwa amani.

Sasa zamu ni yenu. Tazameni shuleni kwenu: ni nani huzungumza kwanza kila siku kwa sababu tu alizungumza kwanza jana? Andikeni aya mbili, kisha tuzijadili.