Mbwa wako naye yumo kwenye afya ya mtoto wako (Sehemu ya 6)

Tulishaongea lishe, tukaongea choo na kunawa mikono. Leo naongea mbwa. Najua kuna mtu ameshasema, "nesi kaishiwa mada." Mama, soma kwanza halafu unijibu.

Mtoto aking'atwa na mbwa hapa kwetu, tunaokota mawe, tunamkimbiza mbwa, basi. Mwenye mbwa haulizwi kitu. Mimi naona tuanze na yeye. Mbwa anayeshinda njaa, amefungwa kamba fupi tangu asubuhi, hajawahi kuchanjwa na hata jina lake halijui, hiyo ni hatari uliyoifuga mwenyewe. Na wa kuumia ni mtoto, wako au wa jirani.

Kwa nini nasema mtoto? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Asilimia 99 ya wagonjwa wameambukizwa na mbwa. Na katika kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa. Aking'atwa usoni au shingoni, virusi vina safari fupi tu kufika kwenye ubongo. Tena wengine hawasemi kabisa, wanaogopa kuchapwa kwa kosa la kumchokoza mbwa. Dalili zikishaanza, ile kuogopa maji, kuweweseka, mate kumjaa mdomoni, hakuna dawa ya kumrudisha. Sisi manesi tunabaki kumshika mkono tu.

Sasa tuingie jikoni, maana ndo tunapoanzia.

CHAKULA. Mbwa wa nyumbani anaitwa "mbwa wa baba", lakini anayempikia ni mama. Hauhitaji chakula cha dukani. Ugali wa dona, dagaa au utumbo uliochemshwa ukaiva, mboga kidogo, na maji safi kwenye kopo lake muda wote. Mkubwa ale mara 2 kwa siku, mdogo mara 3 au 4, kwa saa zinazoeleweka. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha na kumchana tumbo. Vitunguu navyo vinamdhuru damu.

Na mahindi yaliyoota ukungu usiseme "haya apewe mbwa." Sumukuvu haichagui. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mbwa ni mmoja wa wanyama wanaodhurika nayo haraka sana.

Wale mnaokaa karibu na machinjio, sikilizeni hapa. Maini na mapafu mabichi yenye vifuko vya maji yanampa mbwa minyoo tegu. Mayai ya minyoo hiyo yanatoka na kinyesi chake, yanabaki kwenye mchanga, kwenye manyoya, halafu mtoto anamshika mbwa na kutia mkono mdomoni. Miaka inapita, mtoto anaota uvimbe kwenye ini au mapafu. Kwa hiyo chemsha. Mbwa mkubwa mpe dawa ya minyoo kila miezi 3, wadogo mara nyingi zaidi, mtaalamu wa mifugo atakupangia. Kinyesi kizoe ukifukie, hasa kama una mtoto anayetambaa.

Njaa ina jambo lingine. Mbwa asiyeshiba hakai nyumbani. Anaenda buchani, jalalani, kwenye mabanda ya nyama choma pale Mikumi barabarani. Huko anapigana na mbwa wengine, na kichaa kinapita kwa kung'atana. Bakuli la ugali jioni linamzuia kuzurura kuliko mnyororo.

MAFUNZO. Kuna imani kwamba ukitaka mbwa wa ulinzi umfunge kutwa, umchape, umnyime chakula, awe mkali. Hapa nabisha kabisa. Kazi ya mbwa wa ulinzi ni kubweka ili utoke uangalie. Mbwa aliyekomaa kwa kipigo hawezi kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Anachojua ni kwamba binadamu anaumiza, basi anawahi yeye.

Anza mapema. Usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Mpaka kwenye wiki 14 hivi ndo umri anaojifunza kipi ni cha kawaida, kwa hiyo akiwa hapo nyumbani azoee watoto, kuku, wageni, mlio wa bodaboda. Kabla ya kula, shika bakuli umwambie "kaa". Akikaa hata sekunde 2, mpe na umsifu. Kesho hivyohivyo. Neno liwe moja kwa nyumba nzima. Baba akisema "kaa" na dada akisema "tulia chini", mbwa anachanganyikiwa. Dakika 5 kwa siku zinatosha, na fimbo haina kazi hapo.

Na watoto nao wafundishwe. Mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha hasogelewi. Mbwa wa watu hashikwi bila ruhusa ya mwenyewe. Mbwa mgeni akija, usikimbie, simama wima kama mti, mikono chini, usimkazie macho, atanusa aondoke. Na mtoto wa chini ya miaka 5 haachwi peke yake na mbwa, hata yule mpole mnayemwamini.

MAZOEZI. Mbwa akishinda kwenye kamba ya mita moja, usiku anabweka hovyo, anachimba, anauma. Mtembeze nusu saa asubuhi kabla jua halijawa kali, ukienda shamba au kisimani. Mikumi mtembeze na kamba, barabara kuu ile inajaa malori. Wenzetu wafugaji mbwa wao wanatembea na ng'ombe kutwa, mazoezi wanayo. Wao wakazanie chanjo na dawa ya minyoo.

Mnaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mbwa asiingie porini. Kule wapo mbwa mwitu, simba, mbweha, na maradhi yanapita kwenda na kurudi. Mwaka 1994 kule Serengeti ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua karibu theluthi moja ya simba. Hifadhi yetu inaleta wageni na ajira, tusiiue kwa uzembe wa nyumbani.

CHANJO. Mchanje mbwa dhidi ya kichaa kila mwaka, akiwemo yule "asiyetoka getini". Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu mbwa wanazaliana na kufa haraka, mwakani kuna wengi wasio na kinga. Wenzetu wa Pemba wametuonyesha. Walichanja mbwa, kichaa kikatoweka, mwaka 2016 kikaingia tena, wakachanja tena mpaka kikaisha. Kwa hiyo inawezekana, ila kulala hakuruhusiwi.

Siku ya chanjo tunapenda kutuma watoto wapeleke mbwa. Jamani, mbwa 50 uwanja mmoja, wote wageni kwa wenzao, na mtoto wa miaka 7 ndo kashika kamba? Aende mtu mzima. Baba, hii ni yako.

Kupe nao wapo. Dawa ni ile ya mifugo, kwa kipimo cha mtaalamu. Dawa ya kupulizia shambani usimmwagie mbwa, mtoto akimkumbatia inamwingia yeye.

Maswali ninayoyajua kabla hamjauliza.

"Nesi, hela ya mboga yenyewe sina, nimlishe mbwa?" Nakuelewa. Basi fuga mmoja, usifuge watatu. Ongea na afisa mifugo kuhusu kuhasi dume na kufunga kizazi jike. Wale watoto wa kike wa mbwa tunaowatupa jalalani ndo wanaorudi mwakani wakiwa kundi, wanawasubiri watoto wetu njia ya shule.

"Dini yangu hairuhusu mbwa ndani." Asiingie. Banda lenye kivuli, chakula, maji na chanjo vyote vinapatikana nje. Huruma kwa mnyama haipingwi na dini yoyote ninayoijua.

"Chanjo ya mbwa ni gharama." Linganisha na ya binadamu, ambayo si sindano moja, jumlisha nauli ya kwenda na kurudi na siku za kazi zilizopotea. Mbwa anachomwa mara moja kwa mwaka.

AKING'ATWA, FANYA HIVI. Hapa usibahatishe.

1. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa. Hata mkwaruzo, hata mate kwenye kidonda. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa, wala usiweke jiwe la nyoka.

2. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama una simu, piga kwanza uulize chanjo iko wapi, usizunguke na mtoto.

3. Maliza sindano zote kwa tarehe ulizopewa. Mtoto akionekana mzima usikatishe. Ugonjwa huu unaweza kukaa kimya wiki, hata miezi.

4. Mbwa kama anaweza kufungiwa salama, afungiwe, na afisa mifugo aambiwe. Akiwa mzima baada ya siku 10 ni habari njema. Ila usisubiri siku hizo 10 ndo uanze chanjo ya mtoto.

5. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate, sauti imekauka, anauma hata miti, au miguu inalegea, usimkaribie. Toa taarifa.

Mwaka 1885 chanjo ya kichaa cha mbwa ilimwokoa mtoto wa miaka 9 kule Ufaransa, aling'atwa kama wanavyong'atwa wetu. Ni zaidi ya miaka 130. Mtoto wa Kilosa kufa kwa ugonjwa huu leo haikubaliki, na mimi sitasema ni mapenzi ya Mungu wakati mbwa hakuchanjwa.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Usiisubiri. Kesho asubuhi muulize afisa mifugo wa kata yako chanjo ipo lini, halafu jioni mpe mbwa chakula chake kabla hajaenda kukitafuta. Mtumie na jirani mwenye mbwa, bila kugombana naye.

Sehemu ya 7 tutaongea mtoto anayeharisha na ORS. Nawapenda, laleni salama.