Barabara Si Mwalimu wa Pikipiki

Tamka kijiweni kwamba kuna watu wanaolipa ili wapeleke pikipiki zao kwenye uwanja wa mbio wakafundishwe kukata kona na kushika breki, utachekwa. Mtu aliyebeba abiria miaka kumi akafundishwe nini tena? Barabara imeshamfundisha, na huko uwanjani ni kwa wenye fedha za kuchezea na vijana wenye wazimu wa kasi. Imani hii imeota mizizi kwa sababu inamsifu kila anayeishika: umri wake barabarani unageuka cheti. Lakini mwalimu ni yule anayesahihisha kosa, na barabara haifanyi hivyo. Makosa mengi huyaacha yapite bila neno hadi yageuke mazoea, kisha siku moja huadhibu yote kwa mkupuo. Anayekanyaga breki ya nyuma peke yake kwa miaka kumi, akifika salama kila jioni, hajajifunza kusimama. Ameizoea tu njia mbaya ya kupunguza mwendo.

Ushahidi wa zamani lakini mzito ni ule wa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliyetoa ripoti yake mwaka 1981 baada ya kuchunguza ajali 900 za pikipiki mjini Los Angeles na viunga vyake, wachunguzi wakifika palepale zilipotokea. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Takwimu hiyo peke yake haitoshi, maana huenda hata wasiopata ajali wengi wao walijifunza hivyohivyo. Kinachouma zaidi ni walichofanya dakika ya mwisho. Wengi walibana breki ya nyuma mpaka gurudumu likaserereka, huku ya mbele wakiigusa kidogo mno, na muda waliokuwa nao haukufika sekunde mbili. Tena mwendo wa kawaida kabla ya hatari kutokea ulikuwa kama kilomita 48 kwa saa. Hao si wakimbiza pikipiki. Ni mwendo wa mtu anayepeleka mzigo sokoni.

Hapa ndipo ule usemi kwamba breki ya mbele itakurusha unapoonyesha gharama yake. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele. Gurudumu la nyuma hubaki jepesi na kukosa mshiko. Kwenye lami kavu, kutoka kilomita 60 kwa saa, anayebana breki ya mbele taratibu kisha kwa nguvu, akisaidia na ya nyuma, anaweza kusimama ndani ya mita 20 hivi. Anayetegemea ya nyuma tu atahitaji karibu mara mbili ya hizo. Kinachomrusha mtu ni kuinyakua breki ya mbele ghafla, na tofauti ya kubana na kunyakua hujulikana kwa vidole. Vidole navyo hujua kwa kurudiarudia, jambo lisilowezekana penye daladala nyuma yako na mbuzi mbele.

Shule ya pikipiki ya mwalimu Keith Code, iliyoanza California mwaka 1980, imejengwa juu ya hoja hiyo. Mwanafunzi hupewa jambo moja, hulifanya kwenye kona zilezile mzunguko baada ya mzunguko, kisha hushuka na kuambiwa alichokosea. Shule hiyo ina hata pikipiki yenye mishikio ya ziada iliyofungwa kwenye fremu, isiyogeuza gurudumu. Anayeamini kwamba pikipiki hukata kona kwa kuinamisha mwili huishika hiyo, akajipinda awezavyo, na chombo kikaendelea karibu moja kwa moja. Ndipo huelewa kwamba ukiwa kwenye mwendo, kwenda kulia ni kuusukuma mbele mshikio wa kulia. Wapo walioendesha miongo bila kujua mikono yao inafanya nini.

Pingamizi zito ni kwamba mafunzo huleta kiburi, na halisemwi bure. Norwei iliwahi kuwalazimisha madereva wapya wa magari kujifunza kwenye utelezi, na vijana wa kiume wakaishia kupata ajali zaidi kwenye utelezi huohuo. Ni kweli pia kwamba uwanja haufundishi kusoma akili ya dereva wa lori. Lakini kumfundisha mtu kujinasua baada ya kuteleza ni tofauti na kumfundisha kusimama kabla ya kuteleza. La kwanza humwambia anaweza kuthubutu, la pili humwonyesha mita anazohitaji. Na gari likishakukatizia njia, kusoma akili kumekwisha. Kilichobaki ni breki na mshikio.

Kuhusu gharama, wanaolalamika wana haki: ngozi za kuvaa na ada za uwanja si za mwenye kupeleka hesabu kila jioni. Ila kinachofundishwa hakihitaji jukwaa la watazamaji. Kinahitaji mita mia moja za lami kavu zisizo na gari, chupa tupu za maji ziwe alama, na mtu anayejua, asimame pembeni akiangalia vidole vya mkono wa kulia.