Krimu ya ganzi ipimwe kwanza kwenye ngozi ya ndama

Hivi karibuni nilikuwa kwa mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa wilayani Rungwe, siku ya kuchoma pembe za ndama. Alikuwa amenunua krimu ya ganzi ya binadamu, akaipaka juu ya manyoya, akasubiri dakika tano, chuma cha moto kikawekwa. Vijana watatu walishindwa kumshika yule ndama. Mfugaji akanigeukia: "Bwana mchumi, hela yangu imekwenda wapi?"

Krimu inayojulikana sana ya aina hiyo ina lidokeini na prilokeini, asilimia 2.5 kila moja. Hata kwa binadamu, maelekezo yanataka ipakwe nene, ifunikwe na kusubiriwa saa nzima. Ndama ana manyoya, na neva ya pembe hupita chini ya ngozi kati ya jicho na pembe. Ndiyo maana daktari wa mifugo huchoma sindano ya lidokeini pale inapopita neva.

Sisemi dawa za kupaka hazina kazi. Nchini Australia wafugaji wa kondoo walianza kutumia Tri-Solfen miaka ya 2000. Lakini hiyo humwagwa kwenye kidonda kibichi, baada ya kukata, ambako hakuna ngozi ya kuizuia. Muuzaji wa dukani hamwambii mteja tofauti hiyo.

Vipimo vyenyewe si vya kutisha kwa gharama. Ndama ananyolewa pande zote mbili. Upande mmoja krimu yenye dawa, wa pili krimu tupu, na anayepima asijue upi ni upi. Ngozi inaguswa kwa nyuzi za nailoni zinazopinda kwa nguvu inayojulikana, na inaandikwa ni lini ndama anashtuka. Mguso peke yake hautoshi, kwani ngozi ya juu inaweza kufa ganzi huku moto ukifika chini.

Majibu hayo yana thamani ya fedha. Vijiji vilivyo mbali na daktari ndiyo soko la krimu iliyothibitishwa, na mfugaji angeweza kulinganisha bei yake, pamoja na saa ya kusubiri, na gharama ya sindano na nauli ya daktari. Leo analinganisha maneno ya muuzaji tu.

Yule wa Rungwe ana ndama wengine wawili. Amekubaliana na majirani wamwite daktari siku moja, nauli wachangie.