Keki ya Maharage, na Kosa la Karani



Juma lililopita akina mama wawili wa kigango walinijia ofisini, si kwa ajili ya cheti cha ubatizo, bali kuuliza habari za ile keki ya maharage. Basi afadhali niieleze mwenyewe, na aibu yangu pia.

Mwaka 2023 binti yetu alipokea Komunyo ya Kwanza, akataka keki. Unga wa ngano ulikuwa ghali, na gunia la maharage mekundu lilikuwa limesimama jikoni. Nikawaza: maharage makavu, kwa uzito, yana protini karibu mara 2 ya unga wa ngano, tena yana madini ya chuma, kwa nini tusioke hayo? Mimi nimesoma chuo cha ualimu, na mtu wa namna hiyo akipata wazo hamwulizi mkewe. Nikayapeleka mashineni yakasagwa mabichi, nikachanganya na mayai na sukari, nikaoka. Keki ikapanda vizuri. Katikati palikuwa na ubichi kidogo, nikasema huo ni ulaini.

Tulikula saa 8 mchana. Kabla ya saa 11 watoto 3 walikuwa wakitapika nyuma ya nyumba, binti yetu akiwa bado na gauni lake jeupe. Bibi yake alimfuta mdomo bila kunitazama. Kule zahanati niliulizwa neno moja tu: “Yalichemshwa?” Namshukuru Mungu, hata usiku walikuwa wamepoa.

Ndugu msomaji, maharage mabichi yana sumu, na mekundu ndiyo yenye nyingi zaidi. Punje 4 au 5 zaweza kumtapisha mtu. Kuchemka kwa nguvu huiharibu sumu hiyo, lakini moto hafifu waweza hata kuizidisha. Ndani ya keki moto hauchemshi kama ndani ya chungu, kwa hiyo unga wa maharage mabichi usiokwe kabisa.

Mama watoto ndiye aliyelitengeneza kosa langu. Yeye huloweka maharage usiku kucha, humwaga maji yale, hutia maji mapya, huyaacha yachemke kwa fujo nusu saa, kisha huyapika mpaka yalainike kabisa. Chumvi na kitunguu hatii. Huyachuja maji vizuri, kwa maana maharage yenye maji hufanya keki iwe kama uji. Hutwanga vikombe 2 vya maharage hayo kinuni mpaka maganda yasionekane. Hapa usifanye haraka. Mtoto akiona ganda moja atakataa sahani nzima.

Pembeni hupiga mayai 4 na nusu kikombe cha sukari mpaka yatoe povu, hutia mafuta robo kikombe, ndizi mbivu 1 iliyopondwa, mdalasini, na kijiko kidogo cha bekingi poda. Huchanganya yote, humimina katika sufuria nene iliyopakwa mafuta, hufunika. Mkaa mchache chini, mwingi juu ya mfuniko, muda wa dakika 45 hivi. Chomeka kijiti katikati: kikitoka kikavu, imeiva. Ngoja ipoe ndipo ukate, la sivyo itavunjika.

Bibi bado haionji. Asema maharage ni mboga. Nilimweleza kwamba Wajapani huyaponda maharage yao mekundu madogo pamoja na sukari wakayatia ndani ya vyakula vitamu. Akajibu kwamba yeye si Mjapani.

Wazee wenye ugonjwa wa kisukari wasidanganyike kwa jina la maharage, sukari iliyomo ni sukari. Na keki hii ina majimaji, haikai kama ya ngano. Iliwe siku hiyo, au kesho yake asubuhi na chai.